Mwalimu, nani aliiangusha Roma?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Jumapili iliyopita tulibishana nyumbani mpaka chakula kikapoa. Shemeji yangu anasema dola ya Warumi iliangushwa na ulevi na uasherati wa wakubwa wake. Binti yangu wa kidato cha tatu anasema hapana, ni wavamizi wa kutoka kaskazini. Mimi nilikumbuka tu mwaka, 476, lakini nilipoulizwa kilitokea nini hasa mwaka huo nikakosa la kusema. Tuamulie.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na shemeji, maana hoja yake ndiyo ninayoisikia kuliko zote, hata kwenye mahubiri. Watu wanapozungumzia anasa za Warumi, wanayemfikiria ni Nero. Nero alikufa mwaka 68. Toka hapo hadi 476 ni miaka 408. Wareno walitolewa Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1698, na mpaka leo miaka 408 haijatimia. Dhambi gani hiyo inayokawia hivyo kuua? Tena watawala wa miaka ya mwisho walikuwa Wakristo, na wengine wacha Mungu kwelikweli. Theodosius, mtu wa mwisho kutawala mashariki na magharibi kwa pamoja, alitubu hadharani mbele ya Ambrose, askofu wa Milan. Alipofariki mwaka 395, dola iligawanywa kwa wanawe wawili: Arcadius akakaa Konstantinopoli, Honorius akapewa magharibi. Sasa shika jambo hili, kwa sababu ndilo kipimo changu: upande wa mashariki ulikuwa na dini ileile, sheria zilezile na majumba ya kifahari yaleyale, nao uliishi hadi mwaka 1453. Sababu yoyote utakayoitaja ni lazima ieleze pia kwa nini ndugu mmoja alikufa na mwingine akabaki.

Binti yako yuko karibu zaidi, lakini naye nina swali kwake. Wavamizi hawakuanza karne ya tano. Kati ya mwaka 235 na 284 Roma ilipitisha wafalme zaidi ya ishirini, wengi wao wakiuawa na askari wao wenyewe. Mwaka 260 Kaisari Valerian alitekwa akiwa hai na Waajemi. Sarafu ya fedha ilichanganywa na shaba mpaka ikabaki na fedha isiyofika asilimia 5. Pamoja na yote hayo dola ilinyanyuka, Diocletian akaisimamisha upya. Kwa nini mara ya pili haikunyanyuka?

Ngoja nikusimulie jambo langu kwanza.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mpya katika shule ya msingi iliyokuwa mbali sana na barabara kuu. Tulikuwa walimu sita. Kila mwisho wa mwezi mwenzetu mmoja alipanda lori kwenda wilayani kufuata mishahara, akarudi na bahasha zenye majina yetu. Mwezi mmoja alirudi mikono mitupu. Mwezi uliofuata hivyohivyo, na wa tatu pia. Hakuna aliyeandika barua ya kuacha kazi. Mmoja alianza kuchelewa kwa kuwa alipitia shambani. Mwingine akafungua genge la nyanya na vitunguu, akawa anafundisha vipindi viwili tu kwa siku. Mwalimu wa hesabu alikwenda kwao kumuuguza mama yake, hakurudi tena. Bendera iliendelea kupandishwa asubuhi, kengele ikagongwa kama kawaida, na kwenye madaftari ya wilaya shule ilikuwa na walimu sita. Madarasani tulikuwa wawili.

Ndiyo maana ninaposoma habari za Batavis, moyo unanishtuka. Batavis ulikuwa mji mdogo wa mpakani, pale mto Inn unapoingia Danube. Leo ndipo ulipo mji wa Passau, Ujerumani. Habari zake zimeachwa na Eugippius, aliyeandika maisha ya mtawa Severinus, mtu aliyekuwa akiwasaidia wakazi wa mpakani miaka ileile dola ilipokuwa inazimika. Anasema kwamba enzi ya utawala wa Kirumi, askari wa miji mingi walilipwa kwa fedha ya umma ili walinde mpaka. Malipo yalipokoma, vikosi vikavunjika, na mpaka wenyewe ukafutika. Kikosi cha Batavis ndicho kilichoshikilia bado. Basi wakatuma wenzao kadhaa waende Italia kuwafuatia wenzao malipo ya mwisho.

Hawakurudi. Siku moja Severinus alikuwa chumbani kwake anasoma, ghafla akafunga kitabu akaanza kulia. Akawaambia waliokuwa karibu wakimbilie mtoni, maana maji yamechanganyika na damu. Papo hapo ikaja habari kwamba maiti za wale askari zimesukumwa na mkondo hadi ukingoni. Waliuawa njiani, na wenzao kambini walikuwa wakihesabu siku, wakiwangoja na fedha.

Kama ungeniuliza dola ya Warumi iliishaje, ningekupeleka kwenye ukingo ule wa mto kabla ya kukupeleka kwenye kasri lolote.

Sasa fedha ilikwenda wapi? Hapa niwie radhi nikupeleke mbali kidogo na Roma. Mwaka 2009 mpwa wangu alikuwa anafanya kazi Tunis, akanialika. Sikutaka kuona fukwe. Nilikwenda jumba la makumbusho la Bardo, nikasimama muda mrefu mbele ya mozaiki moja iliyotoka Carthage, picha iliyopangwa kwa vijiwe vidogovidogo vya rangi. Inaonyesha shamba la bwana mmoja aitwaye Julius. Katikati kuna jumba kubwa kama ngome. Kona ya juu kushoto vijana wanapiga mzeituni kwa fimbo ili matunda yaanguke, mwanamke amebeba kikapu cha zeituni, na kuna mtu amewashika bata. Upande mwingine kondoo wanachungwa. Chini, bwana mwenyewe ameketi, anapokea barua yenye jina lake. Hakuna askari hata mmoja katika picha ile.

Jimbo lile Warumi waliliita Afrika. Ni Tunisia ya leo pamoja na sehemu za Algeria na Libya, na jina hilo ndilo lililokuja kulifunika bara letu lote. Tangu ngano ya Misri ilipoelekezwa Konstantinopoli, mji mpya uliozinduliwa mwaka 330, Roma ilikula mkate wa Afrika. Mafuta ya zeituni ya Afrika ndiyo yaliyowasha taa zake. Kodi ya Afrika ndiyo iliyolipa askari wa Ulaya, na jimbo lenyewe halikugharimu jeshi kubwa kulilinda, kwa sababu lilikuwa na bahari mbele na jangwa nyuma. Lilikuwa ng'ombe wa maziwa wa dola nzima ya magharibi.

Na sasa nifupishe yaliyotokea kaskazini, kwa sababu hayo binti yako anayajua. Mwaka 376 Wagothi, wakiwakimbia Wahun waliotoka nyika za Asia, waliomba kuvuka Danube waishi ndani ya dola. Waliruhusiwa. Kisha maofisa waliotakiwa kuwalisha waliwauzia nyama ya mbwa, na bei ya mbwa mmoja ilikuwa mtoto wao mmoja kuwa mtumwa. Ammianus, askari wa Kirumi aliyeandika historia ya miaka hiyo, analisema waziwazi na kwa aibu. Miaka miwili baadaye, huko Adrianople, watu haohao walimuua Kaisari Valens na kuliangamiza jeshi lake. Kwa hiyo mimi silitumii neno “washenzi” katika somo hili. Mwisho wa mwaka 406 Wavandali, Waalani na Wasuebi waliuvuka mto Rhine, na majimbo ya Gaul (Ufaransa ya leo) na Hispania yakaanza kupukutika.

Mwaka 408 Alaric, mfalme wa Wagothi, aliizingira Roma kwa njaa. Fidia aliyolipwa ilikuwa ratili 5,000 za dhahabu, ratili 30,000 za fedha, kanzu 4,000 za hariri, ngozi 3,000 zilizotiwa rangi nyekundu na ratili 3,000 za pilipili manga. (Pilipili ile ilitoka Malabar, India, ikapita bahari ya Sham na Misri, ni biashara hiyohiyo ambayo karne kadhaa kabla ilikuwa imefika hadi Rhapta, soko la pembe za ndovu katika pwani yetu.) Dhahabu ilipopelea, Warumi waliyeyusha sanamu za mahekalu yao ya zamani, ikiwemo ile ya Ushujaa. Lakini sikia hili: Olympiodorus, mwandishi wa wakati huo, anasema familia tajiri kabisa za Roma zilipata kila mwaka ratili 4,000 za dhahabu kutoka mashamba yao, mbali ya nafaka na mvinyo. Yaani nyumba moja tu ingeweza karibu kuimaliza dhahabu ya fidia kwa mapato ya mwaka mmoja. Wakayeyusha Ushujaa. Jambo hili linanikasirisha hadi leo, ingawa ni miaka zaidi ya 1,600. Aliyenyongwa na kodi alikuwa mkulima. Mwenye mashamba ya kutisha alikuwa na jamaa katika ofisi ya kodi. Miaka miwili baadaye, tarehe 24 Agosti 410, Alaric aliingia mjini na watu wake wakapora siku tatu.

Hata hivyo dola haikufa mwaka 410. Mji uliporwa, lakini Afrika ilikuwa bado mkononi. Mwaka 429 Geiseric, mfalme wa Wavandali, alivusha watu wake kutoka Hispania, inasemekana 80,000 pamoja na wazee na watoto. Mwaka uliofuata aliuzingira mji wa Hippo, na ndani ya kuta zile akafariki Mtakatifu Augustino. Tarehe 19 Oktoba 439 Geiseric aliichukua Carthage, mji mkuu wa jimbo la Afrika, bila vita vya maana. Kwa miaka mingi nilifundisha historia katika seminari moja ambako habari za Warumi zilisomwa pamoja na Kilatini, na tarehe niliyoiandika ubaoni kwa chaki nyekundu ilikuwa hii, si ile ya 476.

Ona kilichofuata. Miaka mitano baadaye Kaisari Valentinian III alitoa sheria ya kuanzisha ushuru mpya wa mauzo, sehemu moja ya 24 ya bei, nusu alipe mnunuzi, nusu alipe muuzaji. Ndani ya sheria yenyewe anakiri kwamba kodi zilizopo haziwezi kuwalisha wala kuwavisha askari wapya, na hata wale wa zamani. Kaisari anakiri kwa mhuri wake kwamba hana mshahara wa jeshi! Majimbo jirani na Carthage ambayo Wavandali waliyarudisha kwa mkataba yalikuwa yameharibika hivi kwamba yaliandikiwa kulipa moja ya nane tu ya kodi ya zamani. Na unapokosa fedha ya kulipa askari, unapoteza jimbo jingine. Jimbo hilo likiondoka, linaondoka na kodi yake. Na mwaka unaofuata una askari wachache zaidi.

Mwaka 454 Valentinian alimuua kwa mkono wake Aetius, jemadari aliyekuwa akiunga vipande vilivyobaki. Miezi sita baadaye naye akauawa na wafuasi wa Aetius. Mwaka huohuo, 455, Geiseric alikuja na meli zake akaipora Roma siku 14. Toka hapo hadi 476 walipita wafalme tisa, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mwenye kauli alikuwa jemadari Ricimer.

Jaribio la mwisho lilikuwa mwaka 468, nalo linaonyesha kwamba wenyewe walijua ugonjwa ulipo. Mashariki na magharibi waliunganisha nguvu ili kuirudisha Afrika. Meli zaidi ya 1,000 zilitia nanga karibu na rasi ya Bon, upande wa Carthage, chini ya Basiliscus. Geiseric aliomba muhula wa siku tano wa kufikiria masharti. Akapewa. Alikuwa anangoja upepo. Ulipogeuka, aliachia meli tupu zilizowashwa moto ziingie katikati ya meli za Warumi zilizosongamana. Hazina ya mashariki ilikaukia pale, na tumaini la magharibi likaishia pale.

Sasa 476. Aliyekalia kiti cha enzi Ravenna, mji wa Italia uliokuwa makao ya wafalme wa magharibi, alikuwa kijana mdogo aitwaye Romulus, jina la mwanzilishi wa Roma katika hadithi zao, na watu wakambandika jina la Augustulus, yaani Augusto mdogo. Mtawala halisi alikuwa baba yake, Orestes. Askari walioilinda Italia, wengi wao wa makabila ya kaskazini, walidai wapewe theluthi ya ardhi ya Italia. Angalia wanachodai, mwanangu: si mshahara tena, ni ardhi. Orestes alikataa. Wakamfuata mwenzao Odoacer, wakamuua Orestes mwishoni mwa Agosti, na tarehe 4 Septemba kijana akavuliwa ufalme. Odoacer alimhurumia kwa udogo wake, akampeleka Campania na kumpangia posho ya sarafu za dhahabu 6,000 kwa mwaka. Mavazi na alama za ufalme wa magharibi zikapelekwa Konstantinopoli kwa Kaisari Zeno, na ujumbe kwamba mfalme mmoja anatosha kwa pande zote mbili. Mahakama na Seneti ziliendelea, makanisa yalijaa Jumapili. Kwa mkulima wa Italia, asubuhi ya tarehe 5 Septemba haikuwa na tofauti kubwa na ya tarehe 3.

Na mashariki ilibaki kwa nini? Misri, Shamu na Anatolia zililala nyuma ya Konstantinopoli, mji wenye bahari na kuta nene ambazo hakuna Mgothi wala Mhun aliyezivuka. Kodi iliendelea kuingia, askari wakaendelea kulipwa. Mwambie binti yako wavamizi walikuwepo pande zote mbili; upande mmoja ulikuwa umepoteza shamba.

SWALI: Mwalimu, nimesoma kwamba Warumi walitiwa wazimu na mabomba ya maji ya madini ya risasi. Ni kweli?
Msomaji, Voi

JIBU: Mabomba ya risasi walikuwa nayo, na madhara yake waliyajua. Vitruvius, mjenzi wa enzi za Augusto, aliandika kabisa kwamba mabomba ya udongo ni salama zaidi, akawataja mafundi wa risasi jinsi walivyopauka. Ila maji ya Roma yalikuwa na chokaa nyingi, nayo iliganda ndani ya mabomba na kuyafunika. Tena tumia kipimo kilekile cha juu: mashariki nako walikuwa na risasi, nao walidumu miaka elfu moja baadaye.

SWALI: Assalaam aleikum Mwalimu. Sura ya 30 katika Qur'ani inaitwa Ar-Rum, nayo inataja Warumi kushindwa, kisha kuahidiwa ushindi. Kama Warumi waliisha 476, hawa ni nani?
Msomaji, Lamu

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Ni haohao. Watu wa Konstantinopoli hawakujiita kwa jina jingine ila Warumi, ingawa walisema Kiyunani. Jina la Bizanti walibandikwa na wanazuoni wa Ulaya baada ya dola yenyewe kwisha. Wakati wa Mtume (S.A.W.) Waajemi waliwapiga vibaya: Damascus ilitekwa mwaka 613, Jerusalem mwaka 614, kisha Misri. Aliyekuwa Kaisari ni Heraclius. Alijipanga upya, akaingia mpaka ndani ya nchi ya Waajemi, akawashinda karibu na Ninawi mwaka 627, na mwaka uliofuata wakafanya amani. Baada ya hapo Shamu na Misri zikachukuliwa na Waislamu, na Rumi ikabaki dola ndogo zaidi, lakini hai.

Wewe wa Lamu una sababu ya kumjua Heraclius kuliko mwanafunzi wa Ulaya. Ndiye Herekali wa Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo bin Athumani kule Pate, jirani yako, mwaka 1728, mmoja wa tenzi za Kiswahili za zamani kabisa tulizonazo. Mshairi wa Pate hakuwa na habari na Romulus Augustulus. Rumi aliyoijua ni ile ya Konstantinopoli, iliyosimama hadi Jumanne ya tarehe 29 Mei 1453, alipoingia Sultan Mehmed II na Kaisari wa mwisho, Constantine XI, akafia kwenye kuta za mji. Mehmed naye, alipokwisha kukaa mle, alijiongezea cheo: Kayser-i Rum, Kaisari wa Rumi.